Thumni ya Nini? Duka la Ndugu Wawili na Karatasi Isiyokuwapo



Mama mmoja alinijia msikitini baada ya swala ya Alasiri, siku chache tu tangu atoke eda. Alifuatana na bintiye mkubwa, na mkononi alikuwa na bahasha ya kaki: kitambulisho cha marehemu mumewe, cheti cha kifo, risiti kadhaa za kodi ya duka, na daftari la mistari lenye madeni ya wateja. Alikuwa na swali moja. "Sheikh, wameniambia fungu langu ni thumni kwa kuwa nina watoto. Hilo nalijua na nimeliridhia. Nauliza, ni thumni ya nini?"

Nilinyamaza kitambo. Ilmu ya mirathi nimeisoma tangu ujana wangu na nimeisomesha miaka mingi, na mafungu yake ni wazi kama mchana. Lakini fungu hugawa kitu kilichopo mbele ya macho, na mama huyu hakuwa na kitu mbele ya macho.

Marehemu alikuwa na duka la vitambaa pamoja na mdogo wake, huku Mombasa, kwa zaidi ya miaka ishirini. Mkubwa ndiye aliyesafiri kwenda Dubai kununua mali. Mdogo ndiye aliyeketi dukani. Mkataba wa kodi ulikuwa kwa jina la mdogo, leseni ya kaunti kwa jina la mdogo, na hata namba ya kulipia kwa M-Pesa ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mdogo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwapo siku hiyo. Mwaka mmoja biashara ilipolegea, mama huyu aliuza bangili zake za dhahabu, duka likajazwa tena. Katika haya yote hapakuandikwa hata mstari mmoja.

Msomaji asifikiri kwamba mdogo mtu alikuwa mwizi. Namjua, na hadi leo huswali safu ya mbele. Yeye aliamini kwa dhati kwamba kakaye alikwisha kuchukua sehemu kubwa ya haki yake alipojenga nyumba na alipomwoza binti wa kwanza. Mjane naye aliamini kwa dhati kwamba zile zilikuwa faida za kila mwaka, na mtaji ulibaki palepale. Kila mmoja angeweza kuapa, wala asingekuwa amesema uongo. Mambo yakaendelea hivyo karibu miaka miwili, na wakati huo duka likipungua, kwani hakuna aliyethubutu kuagiza mali mpya. Binti wa nyumba hii akaolewa bila ya ami yake kuwapo.

Nami sina pa kujificha katika kisa hiki. Mimi ndiye niliyesoma dua siku duka lilipofunguliwa. Tulikula halua, tukanywa kahawa, nikawaombea baraka, nikaondoka. Sikuwauliza nani katoa ngapi, wala sikuwaambia waandike. Niliona kuwa kuwauliza ndugu wawili habari za karatasi ni kama kuwatilia shaka.

Na hapo ndipo tunapojidanganya wengi wetu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu haihusu swala wala saumu wala vita. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo yahusu kuandika deni: kuwapo kwa mwandishi mwadilifu, mashahidi, muda maalumu, na kutochoka kuandika jambo liwe dogo au kubwa. Kila Ramadhani twaisoma, twafunga msahafu, kisha twaenda kufungua duka kwa neno la mdomo.

Nianze na bangili, kwani jambo hili lawagusa akina mama zaidi. Mali ya mke ni yake. Mahari yake ni yake, dhahabu yake ni yake, alichorithi kwa babake ni chake, na mume hana mkono humo ila kwa ridhaa. Hili halina hitilafu. Basi mke anapovua bangili na kumpa mume zikauzwe ili duka lijazwe, amefanya nini kisheria? Huenda amempa zawadi, nayo ni hiba. Imekwisha kuwa mali ya mume, na akifa itagawiwa warithi wote, mke akipata humo thumni tu kama ana watoto. Huenda amemkopesha, hilo ni deni, na deni hulipwa kabla ya mirathi kugawiwa, kwa hiyo mke huchukua chake kizima kwanza, kisha ndipo apate thumni yake katika kilichobaki. Na huenda ameingia ushirika. Hapo ana sehemu katika duka lenyewe, likipanda hupanda naye na likishuka hushuka naye. Bangili ni zile zile, kitendo ni kile kile, lakini matokeo ni matatu yaliyo mbali mbali kabisa. Kinachoyatenga ni maneno waliyosemezana usiku ule chumbani, na mmoja wa wasemaji yuko kaburini.

Nilipomuuliza yule mama, "Ulimwambia nini ulipompa?" alijibu, "Nilimwambia chukua, utatuzwa na Mungu." Nani awezaye kuhukumu kwa maneno hayo?

Karatasi moja yatosha. Haihitaji wakili wala muhuri: tarehe, uzito wa dhahabu na bei iliyouzwa, neno moja kati ya hayo matatu, saini za wawili, na mashahidi. Mume mwema hatachukizwa nayo. Na akichukizwa, ni heri mke alijue hilo kabla ya kuvua bangili.

Ama ushirika wenyewe, mafuqaha wameueleza kwa kina karne nyingi kabla ya serikali yoyote kutoa fomu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, ushirika unaokubalika ni ule wa inani: kila mmoja atoe mali, mali zichanganywe, na kila mmoja ampe mwenzake ruhusa ya kuuza na kununua. Faida na hasara hufuata kiasi cha mtaji. Madhehebu nyingine, kama Hanafi na Hanbali, zaruhusu faida igawiwe kwa namna watakavyokubaliana, lakini hasara kwa wote hufuata mtaji. Kisha kuna mudharaba, ambayo vitabu vya Kishafi'i huiita qiradhi: mmoja atoa mali, mwengine atoa kazi, faida ni kwa sehemu inayojulikana, nusu au thuluthi, na hasara humpata mwenye mali huku mwenye kazi akipoteza jasho lake. Bibi Khadija (R.A.) alikuwa mwenye mali, na watu walisafiri na biashara yake, haifai mtu kumwambia mwanamke wa Pwani kwamba mtaji ni jambo la wanaume.

Kuna nukta moja ya fiqhi ambayo laiti ndugu wale wangeijua. Ushirika huvunjika kwa kifo cha mshirika. Siku ile ile marehemu alipokata roho, ilipasa mali ihesabiwe, kila kitambaa kwenye rafu, fedha benki, madeni ya ndani na ya nje. Badala yake duka lilifunguliwa siku ya nne kama kawaida, mali ya mayatima ikauzwa pamoja na mali ya ami yao, na baada ya miezi sita hakuna mwanadamu aliyeweza kuzitenga.

Sasa niingie katika yale ya serikali, ambayo vijana wetu wayajua kwa vidole na wazee twayaogopa. Usajili wa biashara nchini Kenya uko chini ya taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, iitwayo kwa herufi zake BRS, na maombi hupelekwa kupitia mtandao wa eCitizen. Mtu hana haja tena ya kupanda basi kwenda Nairobi. Aweza kuyafanya akiwa Lamu, Kilindini au Vanga, madamu ana simu, kitambulisho na namba ya PIN ya KRA. Asiyeweza peke yake atasaidiwa katika Huduma Centre.

Wengi husajili jina la biashara. Ni rahisi na ada yake ni ndogo. Lakini fahamu ulichonunua: umenunua jina tu. Sheria haikutenganishi wewe na duka lako. Deni la duka ni deni lako, na mdai aweza kufika hadi kwenye nyumba yako na gari lako. Watu wawili au zaidi waweza kusajili jina moja kwa ubia, nayo ni hatua kubwa kuliko kutoandika kitu, kwa sababu majina yote mawili yataonekana kwenye daftari la serikali. Walakini cheti hakitasema nani ana robo na nani ana robo tatu. Hilo mtaliandika wenyewe katika mkataba wenu wa ubia. Uko pia ubia wenye kinga ya madeni, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2011, nao wafaa zaidi watu wa taaluma.

Kampuni ndiyo yenye maana kubwa kwa familia, na kwayo nitakaa kidogo. Kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015, hata mtu mmoja aweza kuunda kampuni ya binafsi, na wanachama wake hawazidi 50. Kampuni huwa kama mtu mbali: ina mali yake, deni lake, PIN yake. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameikubali hali hiyo. Tena kampuni haifi kwa kufa mwenyewe. Zinazohama ni hisa.

Tazama hesabu hii. Tuseme ndugu wale wangekuwa na kampuni ya hisa 960, kila mmoja 480. Mkubwa anafariki, wazazi wake wametangulia, anaacha mke, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mke ana thumni, hisa 60. Zabaki 420: mwana 210, na kila binti 105. Ami hana kitu katika mirathi kwa kuwa yuko mtoto wa kiume, lakini 480 zake hazikuguswa na mtu. Hesabu ya robo saa. Na kwa kuwa Sheria ya Mirathi ya Kenya yenyewe imewaacha Waislamu wafuate mirathi yao, Kadhi angeitia muhuri bila ya ugomvi.

Fomu zenyewe si za kutisha. Kwanza hutafutwa jina. Peleka majina kadhaa, kwani aghalabu la kwanza limeshachukuliwa, na likikubaliwa huwekwa akiba kwa siku 30. Kisha mtandao utauliza majina ya wakurugenzi, ambao wapaswa kuwa wametimiza miaka 18, na ya wenye hisa, anwani zao, PIN zao, picha na nakala za vitambulisho. Ukimaliza kujaza, mtandao wenyewe hutengeneza fomu: CR1 ndiyo ya maombi, CR2 ni ya kukubali kuunda kampuni, CR8 ni ya makazi ya wakurugenzi, pamoja na tamko la mtaji. Hupigwa chapa, hutiwa saini na kila mhusika, kisha huskaniwa na kurudishwa mtandaoni. Ada ya kampuni ni kiasi cha shilingi elfu kumi na kidogo; tazama iliyo kwenye ukurasa siku ya kulipa, kwani hubadilika, na usimlipe mtu ada asiyokuonyesha.

Kuna fomu moja ambayo watu huipita mbio, ile ya wamiliki halisi. Tangu mwaka 2020, kila mwenye kumiliki angalau asilimia 10 ya kampuni, hata kama hisa zimeandikwa kwa jina la mtu mwengine, lazima atajwe. Mama uliyetoa mtaji na jina limewekwa la shemeji au la mwanao "kwa wepesi", hapo ndipo pa kusema. Usikubali wepesi huo.

Na zaidi ya yote, soma kanuni za kampuni. Usipopeleka za kwenu, sheria inawavisha zile za mfano zilizochapishwa na serikali. Si mbaya, lakini hazikuandikwa kwa kuifikiria familia ya Kiislamu. Humo hamna neno juu ya hesabu kufanywa pindi mshirika afapo, wala juu ya mjane kupata gawio lake wakati mambo ya mirathi yakisubiri. Yaandikeni. Andikeni pia msuluhishi mtakayemwendea mkihitilafiana, kwani sheria ya usuluhishi ya mwaka 1995 yawapa uhuru wa kumchagua. Wengi hudhani Kadhi ataamua kila kitu. Katiba, ibara ya 170, imempa hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali kwenda kwake. Ugomvi wa mkataba wa biashara haumo.

Lazima niseme juu ya saiba. Vijana wale watusaidia, Mungu awalipe. Lakini nimeona mzee aliyesajiliwa biashara kwa namba ya simu ya kijana na barua pepe ya kijana, na neno la siri alilijua kijana peke yake. Kijana akahamia Qatar. Mzee ana cheti ukutani, lakini hawezi kubadili hata anwani. Barua pepe iwe yako, namba iwe yako, na neno la siri uliandike mwenyewe huku yeye ameangalia kando. Mwenye neno la siri ndiye mwenye ufunguo wa duka.

Na vijana wetu wana mtindo mwengine: kushusha mikataba iliyo tayari kwenye intaneti, kubadilisha majina na kutia saini. Sheria haikatai saini ya kielektroniki. Mwaka 2020 sheria zetu za biashara zilirekebishwa ili kuikubali. Tatizo ni yaliyomo. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniletea mkataba wake na rafikiye wa kuuza samaki, wameshatia saini zote. Nilipofika ukurasa wa nne nikakuta kwamba mgogoro wao utahukumiwa kwa sheria za Delaware. Nilimuuliza Delaware iko wapi. Alidhani ni Nairobi. Ni jimbo la Marekani. Tulicheka sana, lakini ukurasa wa tano haukuchekesha: atakayechelewa kulipa angeongezewa asilimia kila mwezi. Hiyo ni riba waziwazi, na wote wawili ni wanafunzi wangu wa madrasa. Mwengine alinionyesha karatasi aliyoiita mudharaba, na ndani yake mwenye mali ameahidiwa kiasi maalumu kila mwezi, biashara ipate isipate. Jina la Kiarabu haliugeuzi mkopo wa riba kuwa mudharaba.

Baada ya cheti kutoka, kazi haikwisha, na hapa wengi huumia. Kampuni yapasa kupeleka taarifa yake ya kila mwaka kwa msajili, na marejesho ya kodi kwa KRA hata kama haikuuza kitu. Mtu binafsi asiyewasilisha kwa wakati hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Kampuni, isiyopungua 20,000. Wako akina dada waliosajili kampuni ili wapate zabuni za serikali, zile asilimia 30 zilizotengewa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Zabuni haikuja, kampuni ikasahauliwa, na faini ikaendelea kukua. Asiye na hakika ya biashara aanze na jina tu. Na kwa chama cha akina mama kumi au zaidi, kusajili kikundi kwa ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya sheria ya mwaka 2022 huenda kukafaa kuliko kampuni.

Nirudi kwa yule mama. Tulimaliza kwa sulhu. Mdogo mtu alikubali theluthi ya mali iliyokuwapo siku ya kuhesabu iwe ya marehemu. Hakuna aliyejua kama ni haki, pungufu au zaidi. Mama akachukua thumni yake ya hiyo theluthi, watoto wakachukua yao. Habari za bangili zilibaki bila ya jibu. Alisema amezisamehe, nami sikuuliza mara ya pili.

Mwaka huu yeye na bintiye walianza kupika vyakula vya harusi, biriani na mkate wa sinia na vitumbua, na oda zikazidi. Walinijia tena, mara hii na kompyuta ya mkononi. Mama ana robo tatu ya mtaji, binti ana robo na ndiye mwenye kazi nyingi jikoni, kwa hiyo tuliandika kwamba binti atalipwa ujira wa kila mwezi mbali na gawio lake. Mambo ya mauti nayo tuliyaandika. Binti alilia kidogo, mama hakulia. Ilikuwa karibu na Magharibi walipofika pahali panapouliza namba ya simu ya biashara. Binti akaanza kuandika yake.

"Ngoja," akasema mama, akatoa miwani katika mkoba. "Andika yangu. Na hilo neno la siri nitalibonyeza mwenyewe."